Namba Zilizoogopa Sifuri

Orodha ya darasa letu la uhandisi wa kemikali ilikuwa na majina sitini yaliyopigwa chapa, na chini yake jina moja limeongezwa kwa kalamu. Hilo lilikuwa la Desimali. Katika jengo la hisabati, ng'ambo ya uwanja wa mpira, mambo yalikuwa yaleyale: majina yao yote yamepigwa chapa, halafu yeye chini, kwa kalamu. Alikuwa akisoma shahada mbili kwa mpigo, miaka mitano ileile tuliyosoma sisi moja, na hadi anaingia mwaka wa mwisho chuo kilikuwa hakijaamua yeye ni mtoto wa nani. Walianza wanne. Wawili waliangukia upande wa uhandisi wakabaki hukohuko, mmoja akahamia uhasibu akanenepa. Akabaki yeye.

Jina alipewa na fundi wa maabara wiki ya pili ya mwaka wa kwanza. Fundi aliuliza maji yamefika joto gani, sote tukajibu, "Kama themanini." Yeye akasema, "Sabini na tisa nukta sita."

"Si ndiyo themanini hiyo?"

"Hapana. Themanini bado."

Fundi akavua miwani. "Haya, bibi Desimali, keti basi, isije ikafika themanini ukatulaumu."

Tulicheka sana, na jina likamganda.

Kipindi cha uhandisi kiliisha saa nne kamili, na cha hisabati kilianza saa nne kamili. Kati ya mlango na mlango kuna hatua mia tatu na arobaini, amezihesabu mwenyewe. Kwa hiyo kila siku ya Mungu alikuwa mchelewaji wa mtu fulani.

Watu wa majengo hayo mawili hawaelewani hata wakisalimiana. Profesa wa hisabati, mzee mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, kila sentensi yake ilianza na "Chukulia." Chukulia bomba lisilo na mwisho. Chukulia joto lisilopotea. Madamu, aliyetufundisha uhandisi baada ya kufanya kazi viwandani miaka kumi na miwili, yeye hakuchukulia kitu. Neno lake lilikuwa "Umeona?" Ukimwambia vali imefungwa, anakutazama. "Umeona kwa macho yako, au umeambiwa?"

Mwaka wa pili Desimali aliulizwa kwenye mtihani wa uhandisi joto la mwisho la tangi ni nyuzi ngapi. Akajaza kurasa tatu kuthibitisha kwamba jawabu lipo, tena ni moja tu. Madamu akampa sifuri na kuandika kwa wino mwekundu: "Lipo wapi?" Wiki iliyofuata, upande wa pili, akajibu swali la Profesa kwa kuandika nyuzi themanini na nne. Profesa naye akaandika: "Nani amekuuliza?" Tulizibandika karatasi hizo mbili ukutani bwenini, moja kando ya nyingine. Yeye mwenyewe alizitazama, akatabasamu kidogo, akaenda kufua.

Wakati ule bado alikuwa akitabasamu. Kufikia mwaka wa nne sikuwahi tena kumwona amefurahi wala amekasirika. Watu walidhani anaringa. Hakuwa akiringa. Siku aliyopata tuzo ya mwanafunzi bora wa hisabati alikitandika cheti chini ya sufuria ya moto ili meza isiungue. Siku alipofeli somo la pampu alikula mkate wake akaumaliza, akakung'uta makombo. Niliwahi kumuuliza yukoje. Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa swali la haki, akasema, "Unajua mkono ukiulalia usiku kucha? Upo, ni wako, unauona. Ukiugusa haujui." Kisha akatazama saa akaanza zile hatua mia tatu na arobaini.

Nchi inamchukua mtoto mwenye akili kama ile, inamkimbiza kati ya milango miwili kwa miaka mitano, halafu inashangaa kwamba hacheki. Lakini sikukaa kuandika hilo. Nakaa kuandika habari ya kitabu cha boila, aliyonisimulia mwenyewe, kwa sauti ileile ambayo angenisomea ratiba.

Baba yake alikuwa mwendesha boila katika kiwanda cha sabuni, miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuchemsha maji yawe mvuke, mvuke uende ukapike sabuni. Kiganja chake cha kushoto kiliungua zamani, Desimali akiwa shule ya msingi, na tangu siku hiyo hakihisi kitu. Nyumbani alikuwa akiepua sufuria motoni bila kitambaa, mama akipiga kelele, "Huo mkono si koleo!" Akitaka kujua kitu kina joto kiasi gani, hutumia upande wa ndani wa kiwiko, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga.

Mradi wa mwisho wa Desimali ulikuwa mmoja kwa shahada zote mbili, na wasimamizi wake walikuwa Madamu na Profesa. Aliuchagua kiwandani kwa baba. Maji yakichemka ndani ya boila huacha chokaa, na chokaa hugandamana kwenye mabomba kama ukoko chini ya sufuria ya wali. Ukoko ukinenepa, joto la moto haliingii tena kwenye maji, linatoroka na moshi. Kwa hiyo moshi ukizidi kuwa wa moto, ujue ndani kuna ukoko. Ukipuuza, bomba linaungua, linavimba, na siku moja linapasuka, na aliyesimama mbele yake hasimulii. Dawa yake ni kuzima boila, kulifungua na kukwangua. Kiwanda kilifanya hivyo kila baada ya miezi sita, na kila mara wiki nzima ilipita bila sabuni. Meneja alitaka kujua kama wanaweza kungoja zaidi. Desimali akasema atamkokotolea.

Alichohitaji kilikuwa kitabu cha zamu. Kila saa, baba alitakiwa kusoma geji ya joto iliyofungwa kwenye bomba la moshi na kuandika namba. Desimali aliomba vitabu vya miaka mitatu, akapiga picha kila ukurasa, akaingiza namba zote kwenye kompyuta kwa vidole vyake. Elfu saba mia mbili na kumi na nne. Aliujua mwandiko wa baba vizuri kuliko wake mwenyewe: saba zenye mkanda kiunoni, nne zilizofunguka juu.

Namba za mwaka wa kwanza zilirukaruka. Za miaka miwili iliyofuata zilitulia, zikipanda taratibu baada ya kila kukwangua, bila fujo. Alidhani baba amezidi kuwa makini kadiri anavyozeeka. Hisabati ina kanuni yake hapo, na ni kanuni nzuri: namba zilizotulia ndizo za kuaminiwa zaidi, zipe uzito, zinazoruka zipunguzie. Akafanya hivyo. Mstari wake ukapita katikati ya nukta kama uzi kwenye shanga. Jawabu likatoka: boila linaweza kukaa miezi kumi na minne bila kufunguliwa.

Miezi mitatu kabla ya kukabidhi, akampelekea meneja rasimu, kwa kuwa ndivyo walivyokubaliana. Meneja akamwandikia barua ya shukrani yenye muhuri. Hakuhisi kitu. Akaitia kwenye faili.

Siku ya mwisho ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Asiyekabidhi kwa saa hiyo hahitimu mwaka huo. Jumanne asubuhi Profesa alimwita ofisini, akazungusha rasimu mezani imtazame.

"Binti, mimi nina miaka thelathini na nne katika kazi hii. Data nzuri namna hii sijaiona. Mwaka wako wa kwanza unaruka kama panzi. Miaka miwili hii imelala kama mkeka. Nani kailaza?"

"Baba yangu ni mtu makini, Profesa."

"Sina ugomvi na baba yako. Hesabu tarakimu za mwisho. Sifuri ngapi, moja ngapi, mpaka tisa. Kisha uniletee."

Alikaa kwenye maktaba, kiti cha dirishani, akahesabu. Geji ya bomba la moshi ina alama kila nyuzi tano. Mtu akiisoma kwa jicho, macho yanavutwa na alama, kwa hiyo namba nyingi lazima ziishie na sifuri au tano. Mwaka wa kwanza ndivyo ilivyokuwa: karibu nusu. Halafu, kuanzia tarehe kumi na mbili ya mwezi fulani, zikatoweka. Katika namba elfu nne na mia nane zilizofuata, sifuri ilikuwa mwishoni mara tatu. Tano mara tisa. Saba mara elfu moja na mia mbili.

Akahesabu tena. Zikatoka zilezile.

Alijua maana yake kabla hajamaliza, kwa sababu yeye pia ni mtu wa namba. Namba ya kweli haioni aibu kuwa ya duara. Mtu anayetunga ndiye anayeogopa sifuri, anaona itamchongea.

Bado akataka shahidi mwingine, ndivyo alivyofundishwa. Akatafuta tarehe ambayo mdogo wake alijifungua mtoto wa kwanza. Siku hiyo walishinda wodini tangu alfajiri: yeye, mama, na baba aliyekuwa akizunguka na chupa ya chai akiwauliza wauguzi mambo yasiyomhusu. Baba hakwenda kazini. Mwenzake wa zamu ndiye aliyeshika boila. Akafungua picha ya ukurasa. Saa mbili: 223. Saa tatu: 224. Saa nne: 227. Namba nane, zote kwa mwandiko wa baba, saba zikiwa na mkanda kiunoni.

Akafunga kompyuta. Anasema alikaa pale akitazama wanaocheza mpira uwanjani, na kitu pekee alichokihisi ni kwamba ulimi umekauka. Mradi wake wote, miaka yake mitano, ulikuwa umejengwa juu ya namba za kutungwa, na aliyezitunga ni baba yake. Kukabidhi ni siku tatu. Akienda nao hivyohivyo, Profesa ataona, au hataona. Akisema, hahitimu, na baba anaulizwa. Alivipanga vitu hivyo viwili kichwani kama mlinganyo, akasubiri upande mmoja uelemee. Haukuelemea.

Akaenda nyumbani. Baba alikuwa ameshatoka zamu, ameketi kwenye kigoda uani akishona kandambili. Mama alikuwa akianua nguo.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama yangu," baba akasema. "Umekonda. Huko hawawapi chakula, wanawalisha namba tu?"

"Baba, geji ya bomba la moshi inafanya kazi?"

Uzi ukasimama. "Geji gani?"

"Ya moshi."

"Ipo."

"Sijauliza kama ipo."

"We mtoto," mama akasema kutoka kwenye kamba, "hata kuketi hujaketi."

Baba akauma uzi, akaukata. "Ilikufa."

"Tarehe kumi na mbili."

"Sasa kama unajua unaniuliza nini?" Lakini hakuwa na ukali. Akaiweka kandambili chini. "Nilimwambia Fundi Mkuu. Mara tatu nimemwambia, mara ya tatu kwa maandishi. Akasema, 'Jaza tu, mzee. Wakaguzi wanataka kitabu kilichojaa, hawana haja na geji.' Nikajaza. Mwanzo ilinisumbua. Baadaye nikawa najaza Jumatatu asubuhi, wiki nzima, nikinywa chai."

"Ulikuwa unazipandisha polepole."

"Nizipandishe haraka wakaguzi washtuke?"

"Na sifuri? Mbona hukuandika sifuri?"

Baba akamtazama kwa mshangao, kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekamatwa na mtoto wake akiwa amejificha vibaya. "Sifuri inaonekana ya uvivu. Na tano vilevile. Nikasema nikiweka hizo watajua nabuni."

Mama aliacha nguo begani. "Mnazungumza nini?"

Baba akazungusha uzi kidoleni.

"Nilipokuomba vitabu," Desimali akasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Uliniomba vitabu. Hukuniomba geji."

Anasema hapo alimsikia Madamu sikioni kabisa: umeona kwa macho yako, au umeambiwa? Miaka mitano alikuwa akipita kwenye lango la kiwanda kile kumpelekea baba chakula. Bomba la moshi liko hatua thelathini kutoka mlangoni. Hakuwahi kwenda kuitazama geji. Alichukulia.

"Basi mlikuwa mnajuaje wakati wa kulifungua?"

Baba akakunja mkono wa kulia, akaonyesha upande wa ndani wa kiwiko. Ngozi yake pale ilikuwa laini na nyeusi kuliko kwingine. "Bomba la moshi lina bati kwa chini. Unasogeza kiwiko, husogezi sana, kama hivi. Kikisema bado, bado. Kikisema tayari, naenda kwa meneja, nagombana naye, linazimwa. Miezi sita. Sita na nusu ikizidi. Hakijanidanganya hata siku moja."

"Mara ya mwisho limefunguliwa lini?"

Baba akaokota kandambili, akaigeuza.

"Baba."

"Miezi tisa sasa."

"Tisa?"

"Meneja ana karatasi yako. Nilikwenda lilipofika miezi saba nikamwambia, bosi, limejaa. Akafungua droo akanionyesha. Miezi kumi na minne, na jina lako, na jina la chuo. Akasema, 'Mzee, unabishana na binti yako?'"

"Kiwiko kinasemaje?"

"Kimesema siku nyingi."

"Sasa mbona umenyamaza?"

Mama alikuwa amekuja karibu, shuka kifuani.

"Nikasema mtoto amesoma digrii mbili," baba akasema. "Mimi nina kiwiko. Labda hesabu zimeona nisichokiona."

"Baba, hesabu zangu ni wewe. Mle ndani hamna kitu kingine."

Hapo ndipo mama alipoelewa, si yote, lakini sehemu yake. Akaketi kwenye ngazi. "Amebakiza miezi kumi na tisa astaafu," akamwambia Desimali, taratibu, kama anayemweleza mgeni. "Ukiyatoa hayo, ataulizwa nani? Fundi Mkuu?"

"Mama, linaweza kupasuka."

"Nimesikia. Nimeuliza ataulizwa nani."

Desimali anasema alitamani kulia, maana aliona hapo ndipo mtu analia, akangoja, machozi hayakuja. Akainuka akamsaidia mama kukunja mashuka. Ncha kwa ncha.

Asubuhi yake alisimama mlangoni saa kumi na mbili na nusu akimngoja baba avae viatu. Hakuwa amemwambia atakwenda naye, na baba hakuuliza. Njiani baba alisema kitu kimoja tu: "Hesabu za kuchelewa basi zinafundishwa?" Akasema hapana. "Basi tukaze mwendo."

Mwendesha boila hana cheo. Hana kiti ofisini, na kwenye picha za kiwanda husimamishwa pembeni. Lakini ana haki moja ambayo hata meneja hana: akiona hatari, anazima moto bila kumuuliza mtu. Sharti ni kwamba aandike sababu kitabuni kwa mkono wake, na hakuna ruhusa ya kuwasha tena mpaka sababu hiyo ijibiwe. Baba alikuwa hajawahi kuitumia haki hiyo katika miaka ishirini na sita. Alikuwa akienda kugombana tu.

Alisogeza kiwiko kwenye bati, akakaa nacho kitambo. Akafunga mafuta. Moto ukakata, na ngurumo ambayo Desimali aliizoea tangu utotoni, kiasi kwamba alikuwa haisikii, ikakoma. Anasema ndipo aliposikia jinsi ilivyokuwa kubwa.

Baba akafungua kitabu cha zamu. Akaandika akisema maneno moja moja, kama mtoto wa darasa la pili. "Nimezima. Ukoko umejaa. Geji ya moshi haifanyi kazi tangu..." Akainua kichwa. "Kumi na mbili au kumi na tatu?"

"Kumi na mbili."

"...tangu tarehe kumi na mbili. Namba zote za baada ya hapo nimezitunga mimi." Akatia sahihi. Hakumtaja Fundi Mkuu. Desimali alikuwa hajamwomba aandike hata neno moja kati ya hayo.

Fundi Mkuu ndiye aliyetangulia kufika, shati halijachomekwa. "Nani kazima?"

"Mimi."

"Mzee, umelewa?"

"Soma."

Akasoma. Uso ukabadilika, akamgeukia Desimali. "Na wewe ndiye uliyesema miezi kumi na minne!"

"Ndiyo," akasema. "Nilikosea. Nani alisema jaza tu?"

Fundi Mkuu alikwenda kumwita meneja na hakurudi naye.

Alhamisi Desimali alikwenda kwa wasimamizi wake, kwanza jengo moja halafu jingine. Madamu alimsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, Madamu akauliza lile neno lake, kwa upole kuliko siku zote. "Hiyo geji, ulikuwa umeiona?"

"Sikuiona, Madamu."

"Basi mradi wa uhandisi huna. Huna, mwanangu. Kesho boila likifunguliwa, nenda ukaone. Utaanzia hapo mwakani."

Profesa kwa upande wake aliziangalia zile tarakimu akasahau kumkaribisha kiti. "Hii sura ya tarakimu iandike," akasema. "Jinsi ya kujua namba iliyotungwa. Kurasa thelathini. Una mpaka kesho saa nne."

"Ni baba yangu, Profesa."

"Najua." Akapangusa chaki kwenye nyusi, akaiongeza. "Usimtaje. Chukulia mtu."

Akaandika kurasa ishirini na saba. Ijumaa alitukabidhi sisi bahasha tumpelekee Profesa, kwa sababu saa nne asubuhi yeye alikuwa kiwandani. Boila lilikuwa limepoa siku mbili, mfuniko umefunguliwa. Baba alitangulia kuingia kwa magoti na taa, naye akafuata. Ukoko ulikuwa mweupe, mgumu, na mabomba mawili ya safu ya chini yamevimba tumboni kama nyoka aliyemeza. Baba alipitisha kiganja chake kisichohisi juu ya uvimbe, huku na huku. Desimali alitoa kalipa, kifaa cha kupimia unene alichoazima maabara, akabana kipande cha ukoko.

"Ngapi?" baba akauliza.

"Milimita nne nukta tatu."

"Si nne hiyo?"

"Hapana, baba."

"Haya. Andika."

Kiwanda kilimhamisha baba kutoka boila hadi getini, kwa kosa la kuandika uongo kwenye kitabu cha zamu. Hakufukuzwa, wakasema ni kwa huruma. Fundi Mkuu yupo mpaka leo. Alifunga geji mpya, akapigwa picha akiifunga, na picha hiyo imetundikwa kwenye korido ya ofisi. Nimeiona kwa macho yangu. Mtu aliyekiri kwa mkono wake yuko getini akiinua mti wa kuzuia magari, na mtu aliyesema jaza tu yuko ukutani akitabasamu. Meneja aliagiza boila lifunguliwe kila miezi sita, kama zamani, na kwenye tangazo akauita utaratibu mpya.

Desimali alihitimu nusu. Alipewa shahada ya hisabati mwaka ule, pamoja na darasa lao la ng'ambo ya uwanja, akapanda jukwaani akashuka. Kwetu hakuitwa. Orodha ya wahandisi wa mwaka uliofuata ikatoka, majina yote yamepigwa chapa, na yeye chini kwa kalamu.

Kwa hiyo kila asubuhi sasa anakwenda kiwandani kusoma ile geji kwa macho yake, kila saa, anaanza moja. Lazima apite getini, na getini kuna daftari la wageni, na anayelijaza ni baba yake. Utaratibu ni utaratibu. Baba humuuliza jina, akaandika. Humuuliza anamwona nani, akaandika: boila.

"Hujachoka kuniuliza?" alimwambia siku moja.

"Huku hakuna geji," baba akasema. "Mtu akiingia nimemwona. Naandika nilichokiona."

Niliwahi kuwa naye asubuhi mojawapo, nikimsindikiza. Baba alitusalimu, akatutania kuhusu viatu vyetu, akaandika majina. Ilipofika sehemu ya saa, akageuka kutazama saa ya ukutani nyuma yake. Mshale mrefu ulikuwa umesimama juu kabisa. Kalamu ikangoja juu ya karatasi kwa muda ambao mtu mwingine asingeuona. Kisha akaandika moja, nukta mbili, akaweka sifuri, na sifuri nyingine, kubwa, za duara.

Desimali aliziangalia. Uso wake ulikuwa uleule wa kila siku. Akaweka sahihi mbele yake, akaingia kazini.